MJADALA: Binti mnene, ni mlafi au ni damu ya ukoo?

Mama wa Tabata:
Wadau, naomba tulijadili hili bila kutukanana. Juzi binti yangu wa kidato cha pili karudi kutoka shule, kapitiliza chumbani, kajifungia. Mwalimu kawapima uzito mbele ya darasa na kilo za kila mmoja kazisoma kwa sauti. Wenzake wakacheka. Jioni shangazi yake naye akamalizia: "Punguza ulafi, mwanangu."

Hilo neno nalikataa. Nyumbani tunapika sufuria moja. Kaka yake anapakua wali maharage hadi sahani inakuwa kilima, anarudia, na suruali bado inamvuka kiunoni. Binti hafikishi hata nusu ya hiyo sahani. Marehemu mama yangu alikuwa na umbo hilo hilo.

Na si maneno ya mama kumtetea mwanawe. Mapacha wa kufanana, hata waliolelewa nyumba tofauti, uzito wao hukaribiana sana. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walieleza kuhusu jeni (kipande cha urithi tunachopewa na wazazi) iitwayo FTO: watu wazima waliorithi nakala mbili za aina yake inayoongeza uzito walizidi wasio nayo kwa wastani wa kilo 3 hivi, na tofauti hiyo huanza kuonekana utotoni. Wenye aina hiyo ya jeni mara nyingi huchelewa kusikia shibe. Sasa hata mtoto anayekula zaidi kwa kuchelewa kusikia shibe, unamwitaje mlafi?

Baba Mbagala:
Pole kwa binti, dada yangu. Ila damu hiyo hata bibi zetu walikuwa nayo, na watoto wanene walikuwa wa kuhesabu. Kilichobadilika ni soda, chips mayai pale getini, na bodaboda ya kumshusha mtoto mlangoni. Ukimwambia ni damu, atakata tamaa.

Mama wa Tabata:
Kaka, hapo kwenye chips sikubishii. Jeni moja moja huchangia kidogo tu. Zipo mamia, na mazingira ndiyo yanayozipa nguvu. Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa kwa watu wazima wanaoushughulisha mwili, athari ya FTO hupungua kwa zaidi ya robo. Kwa hiyo kumwambia ukweli si kumkatisha tamaa. Tena umri wa balehe wasichana huongezeka mafuta mwilini kwa kawaida, hilo nalo tunalisahau.

Lakini niambie, huo mwili ataushughulishia wapi? Kiwanja alichokuwa anarukia kamba na wenzake sasa ni fremu za maduka, na kipindi cha michezo shuleni kimegeuzwa cha masomo ya ziada. Mizani imepatikana, mpira wa pete haupo.

Mimi sipingi watoto kupimwa. Wapimwe faraghani, majibu apewe mzazi, na umri na urefu viangaliwe pamoja na kilo. Wewe binti yako ungekubali asomewe kilo zake mbele ya wavulana?

Baba Mbagala:
Hapana. Hilo nisingekubali.