Tupeane uzoefu: ukibadilisha betri ya gari, unachaguaje inayofaa?

Mwanzisha mada
Wakuu, tukusanye hapa tunayoyajua kuhusu kuchagua betri mpya, hasa kwa haya magari ya Japani yaliyojaa barabarani kwetu. Ombi langu ni moja: wekeni namba na vipimo. "Nunua tu kubwa" haimsaidii mtu.

Naanza na maandishi ya kwenye betri yenyewe. Chukua 46B24L. Hiyo 46 ni daraja la nguvu, siyo Ah (amperi-saa, yaani kiasi cha umeme kinachohifadhiwa), na hapa wengi wanapotea. Betri hiyo ina karibu Ah 36 ikipimwa kwa kuimaliza ndani ya saa 5, na karibu Ah 45 ikimalizwa taratibu kwa saa 20. Duka moja likikuandikia 36 na la jirani 45, inaweza kuwa betri ile ile. B inaonyesha upana na kimo: B ina upana wa karibu mm 129, D karibu mm 173. 24 ni urefu kwa sentimita. Herufi ya mwisho ni upande wa chanya. Geuza betri vichwa vyake (vile vya kufungia waya) viwe karibu nawe: chanya ikiwa kulia ni L, ikiwa kushoto ni R.

Ukichukua R kwenye gari la L, waya wa chanya haufiki. Kinachofuata ni kuunga waya au kuigeuza betri, na siku mtu akijichanganya akafunga kinyume, fyuzi kuu inakatika na dayodi za alternata (mashine inayochaji betri) zinaungua.

Majina ya madukani: NS40 ni ukubwa wa B20, NS60 ni B24, N50 ni D26, N70 ni D31.

Waya_Mweusi
Naongeza unene wa vichwa. B19 na B24 zipo za vichwa vyembamba na za vichwa vinene. Chembamba cha chanya ni karibu mm 14.7, kinene karibu mm 19.5. Vinene mara nyingi huongezewa S mwishoni, yaani 46B24LS. Ukifunga klampu (kibanio cha waya) ya gari la vichwa vinene kwenye betri ya vichwa vyembamba, inacheza hata ukikaza mpaka mwisho. Watu wanachomeka msumari au kipande cha kopo. Mguso unakuwa mdogo, pale panapata moto wakati wa kupiga starta, na gari linakuwa la kuwaka leo, kesho linagoma. Zipo bushi za risasi za kuongeza unene. Tumia hizo, au rudisha betri ubadilishiwe.

Jambo jingine: Vitz mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na betri tofauti, kwa sababu magari yaliyotengenezwa kwa mikoa ya baridi ya Japani hupewa betri kubwa zaidi. Kwa hiyo usinunue kwa kumuuliza jirani. Pima trei ya gari lako na usome betri iliyomo, ukikumbuka kwamba aliyeiweka huenda naye alikosea.

Kilowati
Mwenye gari linalojizima kwenye foleni, kama Mazda zenye i-stop, soma hapa. Betri zake zina namba za mtindo mwingine: M-42, N-55, Q-85, S-95. Q-85 ina umbo la D23, ndiyo maana muuzaji atakupa 55D23L na itakaa vizuri kabisa. Gari litawaka. Lakini betri ya kawaida haikutengenezwa kwa kuwasha injini mara kadhaa kwenye foleni moja na kupokea chaji ya haraka kila mara. I-stop itaacha kufanya kazi, na betri itakufa mapema.

Haibridi (magari ya mafuta na umeme) kama Aqua na Prius za kabla ya 2015: betri ile ndogo ya volti 12 imekaa ndani ya gari, upande wa nyuma. Tafuta namba inayoanza na S, mfano S34B20R, yenye tundu la mpira wa kutolea gesi nje. Betri ya maji ya kawaida usiiweke humo. Inapochajiwa hutoa haidrojeni, na mnakaa nayo chumba kimoja.

BintiGereji
Kabla hujatoa hela, hakikisha tatizo ni betri. Gari likiwa limelala usiku kucha, pima: volti 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 imeisha. Piga starta huku mita imeshikwa. Ikishuka chini ya 9.6 na ilikuwa imejaa, betri imechoka. Injini ikiwaka, tegemea 13.8 hadi 14.5. Ikibaki 12 na kitu, alternata haichaji. Ikipita 15, inaichemsha betri, na mpya nayo itakauka maji.

Kisha umeme unaovuja. Zima kila kitu, funga milango, subiri nusu saa, weka mita ya amperi kati ya waya wa hasi na kichwa chake. Zaidi ya mA (miliamperi) 50, kuna kitu kinakula. Kifaa cha kufuatilia gari au alamu iliyofungwa vibaya ikivuta mA 300, Ah 45 zote zinaisha kwa saa 150, na gari litagoma siku kadhaa kabla ya hapo. Usipige starta mita ikiwa hapo, itaungua.

Chanya_Hasi
Dukani: uliza imetengenezwa lini na muombe aipime mbele yako. Chini ya 12.5, iache au aichaji kwanza. Betri iliyokaa rafu bila chaji inaota salfeti kwenye sahani zake.

Kufunga: spana namba 10, fungua hasi kwanza, funga hasi mwisho. Hapo spana ikigusa bodi haipigi shoti. Kaza na kile chuma cha kuishikilia, maana barabara za vumbi zinatikisa sahani hadi zinavunjika.

Waya_Mweusi
Na redio, wakuu! Zile za Toyota zenye ramani ya Japani zikikosa umeme hujifunga na kudai namba ya siri ya kuzifungulia (ya ERC). Kabla hujafungua, shikiza betri nyingine ya volti 12 kwenye klampu za gari, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zisiachie mpaka ile mpya ikae. Funika klampu ya chanya kwa kitambaa kikavu wakati wote huo, kwa sababu ina umeme.