Lia Rodrigues na favela ya Maré: anawainua au anawauza?

mnazi_mkinda: Wakuu nauliza kwa nia njema. Huyu Lia ni mtunzi wa densi wa Brazil, mzaliwa wa São Paulo, miaka ya 80 mwanzoni kacheza densi Ufaransa kwa mtunzi Maguy Marin, karudi kwao akaanzisha kundi lake Rio 1990, mpaka hapo sina neno. 2004 kahamishia kazi favela ya Maré, mtaa wa mabanda hukohuko Rio, na tangu hapo kila akitunga kitu safari ni Paris. Maré yenyewe inabaki na nini?

Mzee wa Kijiwe: Si ndo yule wa ufunguzi wa Olimpiki? Hela anazo huyo.

bintiMwambao: Mzee umechanganya madesa. Wa Olimpiki ya Rio 2016 ni Deborah Colker, yule anayepandisha watu ukutani jukwaani na aliyefanya kazi na wale wa sarakasi, Cirque du Soleil. Lia ni mwingine kabisa. Na wewe mnazi, yeye na Redes da Maré, shirika la kijamii la hapo, walichukua ghala lililokuwa halina kazi pale Nova Holanda, humohumo Maré, wakalifanya kituo cha sanaa 2009, 2011 ikaja shule ya densi, bure, na wapo waliotoka shuleni humo wakaingia kundini kwake. Sasa unataka ibaki na nini, bandari?

Fundi Cherehani: Mi nimeona klipu ya ile densi yake Encantado ya 2021. Watu uchi wanajiviringisha mablanketi, taratiiibu, kimya. Hiyo wanangu wananifanyia kila asubuhi wakigoma kwenda shule na sijawahi kukata tiketi 😂

Mzee wa Kijiwe: 😂😂 Fundi umeua

bintiMwambao: Cheka tu. Muziki unakuja baadaye, ni nyimbo za Waguarani Mbya, wenyeji asilia wa Brazil, kwenye maandamano ya kutetea ardhi yao Brasília mwaka huohuo. Ila wewe umeangalia sekunde arobaini ukaona makalio basi.

Fundi Cherehani: Nani kataja makalio? Nimesema mablanketi. Usinipakazie dada.

mama_mitumba: Samahani naingilia, mnavyodharau blanketi mnaniuma. Mi nauza hayo mwaka wa tisa, yale manene ya chui na maua, yamesomesha watoto watatu. Huyo mama kaona blanketi la sokoni akalifanya mnyama, akalifanya gauni la malkia, nyie mnaona kichekesho.

Fundi Cherehani: Mama sijakudharau wewe, nimedharau densi.

mama_mitumba: Umesema hukati tiketi.

mnazi_mkinda: Jamani swali langu. Kwa nini pesa itoke Ufaransa?

bintiMwambao: Kwa sababu Rais Bolsonaro alipoingia 2019 wizara ya utamaduni ya Brazil aliifuta, mpaka Rais Lula alivyoirudisha 2023. Densi yake Fúria yenyewe 2018 ilizinduliwa ukumbi wa Chaillot, Paris. Ulitaka wachezaji wale vumbi wakisubiri?

mnazi_mkinda: Lakini kabla ya Bolsonaro pia alikuwa anaenda hukohuko, hilo umeliruka

Mzee wa Kijiwe: Mama mitumba yale ya chui double bei gani?

mama_mitumba: Njoo inbox mzee wangu. Fundi yeye nitamuongezea elfu tano.

Fundi Cherehani: Ya nini sasa??

mama_mitumba: Ya tiketi.