Ushauri: salo ya mulombwa na "ngozi" hapa Lubumbashi, niangalie nini kabla ya kutoa avansi?

MamaKatuba:
Jambo kwenu wote. Mimi na mume wangu tunataka kubadilisha viti vya salo (sebule). Tumeona sehemu mbili. Kuna duka moja la mjini lenye seti ya kutoka ng'ambo, nyeusi, inang'aa, muuzaji anaapa ni ngozi halisi. Halafu kuna fundi wa mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ambaye atatutengenezea fremu ya mbao za mulombwa na kuivika ngozi, bei yake nafuu kidogo. Kwenye karatasi ameandika: mbao, sponji, "ngozi mita 14", verni (vanishi), kazi. Anataka nusu ya pesa mwisho wa mwezi huu.

Nyumbani kuna watoto wadogo, barabara yetu ni ya vumbi, na jua la alasiri linapiga pale pale viti vitakapokaa. Mambo ya mbao na ngozi mimi siyajui. Nitajuaje kama ninachouziwa ndicho chenyewe? Na ngozi inatufaa, au nichukue kitambaa?

Sindano_na_Uzi:
Mama, jambo. Rudia kusoma karatasi yako. Ng'ombe hachunwi kwa jora. Ngozi inauzwa kipande kizima, kingo zake zimepindapinda, na inapimwa kwa eneo, yaani futi au mita za mraba. Kinachokatwa kwa mita, upana kama mita 1.40, ni simili, yaani ngozi ya bandia. Kwa ngozi ya kweli, salo kama yako ingekula ngozi za ng'ombe watano au zaidi, na bei ya fundi wako isingekuwa karibu na hapo.

Simwiti mwizi. Hapa kwetu kila kinachong'aa watu wanakiita ngozi. Lakini mwambie aandike "simili" halafu muongee bei upya.

Pale dukani, fungua zipu ya mto mmoja uangalie upande wa ndani. Ngozi kwa nyuma ina manyoyanyoya yasiyo na mpangilio. Simili kwa nyuma utaona kitambaa kilichofumwa. Kwa mbele, vitundu vya ngozi havifanani, na kuna mahali utakuta kovu au mkunjo wa shingo. Mchoro wa simili unajirudia. Usiridhike na mto wa kukalia peke yake, pita na mgongoni na ubavuni. Seti nyingi zina ngozi pale unapokaa tu, kwingine kote ni plastiki, na muuzaji atakuambia "ni ngozi" bila kupepesa macho.

Kuna nyingine mbaya zaidi: mabaki ya ngozi yanasagwa, yanachanganywa na gundi, yanabandikwa juu ya kitambaa na kupakwa rangi. Hata harufu ya ngozi inayo. Baada ya muda inabambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua.

Yaya_Kamalondo:
Kwa nyumba yenye watoto mimi ningechukua simili hiyo hiyo. Uji ukimwagika unapitisha kitambaa kibichi, basi. Mdogo wangu viti vyake vilivikwa veluru (kitambaa chenye manyoya laini) ya rangi ya maziwa, kiangazi kimoja tu ikawa rangi ya barabara.

Sindano_na_Uzi:
Yaya, kosa lilikuwa rangi ya maziwa! Simili ziko mbili. Ile laini, ya plastiki iitwayo PU, inakaliwa vizuri, ila jasho, joto na unyevu vinaivunja polepole na inaanza kutoa magamba, kwanza pale kichwa kinapoegemea na pale mikono inapokaa. Ile ya plastiki ya PVC ni ngumu zaidi na inanata mapajani wakati wa Oktoba. Haibambuki haraka, lakini jua linaikausha mpaka inapasuka kwenye mikunjo. Mama amesema jua linapiga moja kwa moja. Hapo siweki simili wala ngozi. Ngozi nayo jua linaikausha na kuifubaza.

Mama, ningechukua kitambaa cha poliesta kilichofumwa kwa kubana, rangi ya udongo au kijivu kilichochanganyika. Kiinue kwenye mwanga: ukiona mwanga unapita kirahisi, kirudishe. Kikwaruze kwa ukucha uone kama nyuzi zinanyanyuka. Kitambaa cha shanili, chenye nyuzi za manyoya, ni laini na kizuri, lakini kucha za watoto na za paka zinakifumua. Pamba tupu inapauka. Vitambaa vya viwandani hupimwa kwa mashine inayovisugua mpaka vichakae, kipimo kinaitwa Martindale; kwa salo inayotumika kila siku tafuta 25,000 kwenda juu, kama lebo ipo. Na zipu kwenye kila mto, usikubali mito iliyoshonwa moja kwa moja. Vumbi letu jekundu halitoki kwa brashi peke yake.

Sponji pia uipime. Mto wa sm 60 kwa 60, unene sm 10, ukiwa wa sponji ya kilo 30 kwa mita ya ujazo, unakaribia kilo 1.1. Ukikuta gramu 600 na kitu, mwaka hauishi utakuwa umekaa juu ya mbao. Mizani ya muuza nyanya inatosha.

Randa_Ruashi:
Tumeongea nguo, sasa mwili. Mulombwa ni mti mzuri, Watanzania wanauita mninga. Ukikauka haujikunji sana, ndiyo maana sisi maseremala tunaupenda. Kiini chake ni kahawia yenye dhahabu au wekundu, mchwa hawausumbui kirahisi. Ile sehemu ya nje, nyeupe ya njano, ndiyo chakula cha wadudu: utaona vitundu vidogo na unga laini chini ya kiti.

Kabla verni haijapakwa, nenda ukaone mbao zenyewe. Baada ya verni nyeusi hata msonobari unaitwa mulombwa. Kama imeshapakwa, lala chini uangalie tumbo la kiti, na angalia ncha ya mbao: mistari ya juu lazima iendelee mpaka kwenye ncha. Isipoendelea, ni karatasi au ubao mwembamba uliobandikwa juu ya unga wa mbao ulioshindiliwa.

Halafu mimi nisingelipia mulombwa usioonekana. Mikono na miguu, sawa. Ndani ya kitambaa msonobari mkavu unatosha, mradi viungo ni vya ulimi na tundu vyenye gundi, na kila pembe ina kipande cha kukaza. Fremu ya misumari mitupu inaanza kulia mapema.

Kipushi_243:
Akikuletea mukula, ndugu yake mulombwa, kwa jina la mulombwa je? 😂 Ule ulivyokimbiliwa na malori ya kwenda China, ukipata salo ya mukula utakuwa tajiri. Tangu 2019 uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na 2022 wakaongeza ndugu zake wote wa Afrika, mulombwa ukiwemo. Anayetaka kumpelekea shangazi wa Brussels mbao zake aulizie karatasi kwanza.

MamaKatuba:
Asanteni sana. Nimeenda leo. Fundi amekubali ni simili, hata hakubisha, nami nimechagua kitambaa. Mbao nimeziona: kahawia, ila mbili zina ukanda mweupe upande mmoja. Anasema ni kavu, zimeingia juzi kutoka upande wa Kasenga. Pia anataka kunifanyia meza ya katikati, upana sm 80. Nimpe pesa?

Randa_Ruashi:
Mama, zimeingia juzi na mvua bado inanyesha, zitakuwaje kavu? Akikutengenezea sasa, Julai na Agosti mbao zitasinyaa na viungo vitafunguka. Mpe pesa ya mbao tu, uandikiwe risiti, azipange chini ya paa na vijiti katikati ili hewa ipite. Mkate kipande kimoja, mkipime uzito leo na mkirudie kila wiki. Kikiwa bado kinapungua, asianze. Ukanda mweupe aukate, au autumie ndani baada ya kuupaka boraksi.

Kwa meza, mwambie hivi: ubao wa juu usigandishwe kwa gundi kwenye fremu yote. Mbao inasinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haibadiliki, na kwenye sm 80 huo mchezo unaonekana kwa macho. Tundu za skrubu za pembeni azitoboe ndefu kidogo, kuelekea upana, ili ubao uwe na nafasi ya kwenda na kurudi. Akikuuliza kwa nini, huyo mbao ngumu bado hajazizoea. Mpe viti, meza mtafutie mwingine.