Tunahamia Ujerumani na watoto wawili: binti wa darasa la sita aje sasa au amalize la saba kwanza?

Mama Glory, Moshi

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Mimi ni muuguzi hapa Moshi. Baada ya kufaulu mtihani wa Kijerumani ngazi ya B1 nimepata mkataba katika hospitali moja kusini mwa Ujerumani, kwenye mji mdogo ulio kati ya Stuttgart na Tübingen, na natakiwa kuripoti mwezi wa tatu. Mume wangu ni fundi umeme na ameshaanza kujifunza lugha. Kuhama kwa familia nzima tumeshakubaliana. Tusichoafikiana ni wakati wa kuwahamisha watoto.

Binti yetu ana miaka 12, anasoma darasa la sita katika shule ya mchepuo wa Kiingereza na anashika nafasi za juu kila muhula. Mdogo wake atatimiza miaka 6 mwezi wa tano, na ndio kwanza ameingia la kwanza. Mama mkwe wangu, anayeishi Kibosho, anashauri binti abaki kwake mpaka afanye mtihani wa la saba mwakani mwezi wa tisa. Wapo ndugu wanaokwenda mbali zaidi, wanasema abaki hadi amalize kidato cha nne ili awe na cheti kinachoeleweka popote. Mume wangu hataki watoto watenganishwe hata kwa muhula mmoja. Mimi niko katikati, kwa sababu naogopa kumtoa mtoto mahali anapong'ara na kumpeleka darasani asipoelewa hata neno moja.

Naomba ushauri kwa waliopitia jambo hili. Je, cheti cha la saba kina uzito wowote kule? Mtoto asiyejua lugha hupokelewaje shuleni? Na ni maandalizi gani ya nyaraka na ya nyumbani ambayo watu huyasahau wakiwa bado huku?

Mama Irene, Tübingen

Hongera sana dada, na pole kwa mawazo, maana hilo ndilo swali gumu kuliko viza yenyewe. Mimi ni mwenyeji wa Marangu, nimefanya kazi hospitali ya KCMC hapo Moshi kabla ya kuja huku, na watoto wangu wote watatu wamesoma katika shule za serikali za jimbo hili la Baden-Württemberg. Nitajibu kwa kirefu kidogo.

Cheti cha la saba huku hakitamsaidia binti yako kwa lolote. Elimu ya msingi ya jimbo hili ni ya miaka 4 tu, na baada ya hapo watoto hugawanywa katika shule za sekondari za aina mbalimbali, kwa hiyo mtoto wa miaka 12 kwa kawaida ameshaingia sekondari. Mgeni hupangiwa darasa kwa kuangalia zaidi umri wake na kiwango chake cha lugha. Asiyejua Kijerumani huanzia katika darasa la maandalizi, ambako hufundishwa lugha kwa saa nyingi kila wiki, huku akiingizwa taratibu katika vipindi vya kawaida kama michezo, sanaa na hisabati. Binti yako amesoma kwa Kiingereza, na hilo ni mtaji mkubwa: somo la Kiingereza litakuwa mahali pake pa kwanza pa kunyoosha mkono na kusikilizwa, na mtoto aliyezoea kuwa wa kwanza anakihitaji sana kitu kama hicho katika miezi ambayo kila kitu kingine kinamshinda. Wangu wa pili aliishikilia hisabati kwa namna hiyohiyo, kwa kuwa tarakimu hazikumdai lugha.

Kuhusu mdogo, msiwe na wasiwasi hata kidogo. Kwa kuwa anatimiza miaka 6 kabla ya mwisho wa mwezi wa sita, ataanza la kwanza Septemba pamoja na wenzake wote, na herufi zinaanza upya kwa kila mtoto. Jambo moja ambalo hakuna ofisi itakayowaambia: siku ya kwanza ya la kwanza kila mtoto hubebeshwa na wazazi wake koni kubwa ya karatasi ngumu, ndefu karibu kama nusu ya mtoto mwenyewe, iliyojazwa pipi, penseli za rangi na vijizawadi. Inaitwa Schultüte. Hupigwa picha nayo, na asiye nayo huonekana mara moja. Muandalieni.

Shule za serikali hazitozi ada na hazina sare, lakini kuhudhuria ni lazima kisheria, na kumsomesha mtoto nyumbani badala ya shuleni hakuruhusiwi. Ukimtoa mtoto kabla ya likizo ili uwahi ndege ya bei nafuu ya kuja Krismasi, unaweza kutozwa faini. Katika shule nyingi vipindi huisha mchana, kwa hiyo ulizia mapema nafasi ya malezi ya mchana, hasa kwa kuwa zamu zako za hospitali hazitasubiri ratiba ya mtoto.

Sasa nyumba, ambako ndiko wengi wetu tunakokwama. Waajiri wengi humpa muuguzi mgeni chumba katika bweni la wafanyakazi, na chumba hicho si cha familia. Kupata nyumba ya watu wanne maeneo haya huchukua miezi. Mwenye nyumba anaweza kudai dhamana inayofikia kodi ya miezi 3, na msishangae mkifunguliwa nyumba mkakuta jikoni pana mabomba tu yanayotoka ukutani, bila sinki, bila jiko wala kabati, kwa sababu wapangaji wengi huhama na jiko lao. Mkishahamia mnatakiwa kusajili makazi yenu manispaa ndani ya wiki 2, mkiwa na barua ya mwenye nyumba. Usajili huo ndio unaofungua mlango wa namba ya kodi ya mapato na shule ya mtoto, kwani shule ya msingi hupangwa kwa eneo mnaloishi.

Kwa hayo yote, maoni yangu ni kwamba wewe utangulie mwezi wa tatu na utafute nyumba, kisha baba na watoto wote wawili waje pamoja mwezi wa nane, wiki chache kabla shule hazijafunguliwa Septemba. Binti asibaki.

Mwalimu wa Msingi, Arusha

Mama Glory, nimefundisha madarasa ya juu ya shule ya msingi kwa muda mrefu, na nina maoni yanayotofautiana kidogo na ya Mama Irene, ingawa naheshimu uzoefu wake.

Tunapozungumzia cheti tusiangalie Ujerumani peke yake. Mikataba huvunjika, afya hubadilika, na familia nyingine hurudi baada ya mwaka mmoja au miwili. Nimewapokea watoto waliorejea kutoka nje wakiwa na miaka 13 au 14, hawana matokeo ya la saba, Kiswahili cha kuandika kimepotea, na mzazi anahangaika kutafuta kidato kitakachomkubali mtoto wake. Mtoto aliyemaliza la saba hapa ana mahali panapojulikana pa kuanzia. Kwa binti aliyebakiza mwaka mmoja na miezi kadhaa, mimi ningependa amalize.

Hata hivyo, mkiamua kuondoka naye, mfanye mambo haya kwa utaratibu. Nendeni kwa mwalimu mkuu mapema mkachukue barua ya uhamisho na ripoti zote za maendeleo tangu darasa la kwanza, zikiwa na mihuri. Hakikisheni vyeti vya kuzaliwa vya RITA vina majina yaleyale yaliyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kwetu mtoto anaweza kutumia jina la babu wakati baba anatumia jina la ukoo na mama bado ana la kwao, na hapa hakuna anayeshangaa. Ugenini ofisa anayeona majina matatu tofauti ataomba uthibitisho kwamba hao ni familia moja. Cheti cha ndoa kisiachwe.

Beba pia vitabu vya Kiswahili vya darasa la sita na la saba. Hilo nalisisitiza kama mwalimu.

Baba wa Watatu, Moshi

Nimeishi Ujerumani na familia yangu nikiwa masomoni, na sasa tumerudi Moshi. Shikamoo mwalimu. Hoja yako ya kurudi ni ya kweli, ila watoto wangu walipokelewa na shule binafsi hapa baada ya kufanya usaili, na ripoti za kule zilizotafsiriwa ziliwasaidia. Wasiwasi wangu mkubwa uko kwenye wazo la ndugu kwamba binti abaki hadi kidato cha nne. Mama Glory, tafadhali ulikatae mapema. Mtoto akishatimiza miaka 16 na akaomba kuwafuata wazazi waliokwisha kuhama, sheria ya Ujerumani kwa kawaida humtaka aoneshe Kijerumani cha kiwango cha juu, C1, au vigezo vya kuonesha kwamba atamudu maisha ya huko, isipokuwa kwa wazazi wenye aina fulani za vibali. Binti wa miaka 12 hana kikwazo hicho.

Lingine ni kadi za kliniki. Tangu mwezi wa tatu mwaka 2020 Ujerumani inadai uthibitisho wa chanjo ya surua kwa mtoto anayeingia chekechea au shule. Watoto wetu huchanjwa surua na rubela katika miezi 9 na miezi 18, lakini kadi ikipotea hakuna anayekuamini kwa maneno. Nimewahi kuona kadi iliyolowa mvua hadi tarehe hazisomeki, na mtoto akarudiwa chanjo. Wewe ni muuguzi, unaweza kushughulikia hilo wiki hii.

Bima ya afya ya umma hubeba mwenzi asiye na kipato pamoja na watoto bila mchango wa ziada, na hiyo ni nafuu kubwa. Kutegemea aina ya kibali chako, mnaweza pia kustahili posho ya watoto, ambayo mwaka 2025 ilikuwa yuro 255 kwa mwezi kwa kila mtoto. Kwa upande mwingine, kila kaya hudaiwa ada ya redio na televisheni ya umma hata kama hamna televisheni. Barua ile si ya matapeli kama wengi wanavyodhani, ilipeni.

La mwisho linanigusa sana. Watoto wataijua lugha kabla yenu, na mtashawishika kumtumia binti kama mkalimani kwa daktari, benki na hata kwenye kikao cha wazazi kinachomzungumzia yeye mwenyewe. Msimbebeshe mzigo huo. Ombeni mkalimani shuleni, ulizeni kanisani, tafuteni Watanzania wa karibu. Moshi na Tübingen ni miji rafiki tangu mwaka 2014, na kuna watu kule wanaoijua Kilimanjaro vizuri. Nyumbani zungumzeni Kiswahili, na Kichagga kama mnacho, kwa sababu Kijerumani shule itawafundisha, lakini Kiswahili hawatakipata popote isipokuwa kwenu.

Mama Glory, Moshi

Nawashukuru kutoka moyoni. Shikamoo mwalimu, ushauri wako wa majina umetushtua, kwa sababu jana usiku tumetoa vyeti na kukuta jina la binti limeandikwa tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye fomu ya pasipoti. Mume wangu anakwenda RITA Jumatatu.

Tumeamua kufuata njia ya Mama Irene: mimi natangulia, wao watatu wanakuja mwezi wa nane. Mama mkwe tumemweleza suala la miaka 16 na amelielewa, ila ameomba binti akae kwake likizo yote ya mwezi wa sita. Swali moja limebaki: nguo za baridi tununue soko la mitumba la Memorial hapa Moshi kabla ya kusafiri, au tusubiri?

Mama Irene, Tübingen

Uamuzi mzuri, dada. Memorial nunueni sweta na koti moja moja la kushukia uwanja wa ndege, basi. Mwezi wa nane huku bado ni joto, na watoto wanakua. Viatu vya majira ya baridi visivyopitisha maji nunueni huku mwezi wa kumi, kwenye masoko ya vitu vya watoto vilivyotumika ambayo shule za chekechea na makanisa huandaa kila msimu wa vuli. Bei zake ni ndogo na ubora ni mzuri. Nafasi ya mizigo mtakayookoa wekeni vitabu alivyotaja mwalimu, na unga wa kutosha wiki ya kwanza. Ukifika mwezi wa tatu niandikie, nitakupeleka manispaa mwenyewe.