Ukoo wa Busia: chai kavu ya Hamza

Mama Shamimu: Assalaam alaikum wanaukoo. Mwalimu wa Hamza kanipigia. Eti ikifika saa tatu mtoto anasinzia, hesabu za asubuhi zote anakosa. Baada ya uji wa saa nne anapata.

Mjomba Idi: Waalaikum salaam. Hiyo ni simu ya usiku. Mnyang'anye.

Mama Shamimu: Kaka, simu nalala nayo mimi. Saa mbili usiku Hamza yuko kitandani.

Shangazi Zaituni: Asubuhi anakula nini?

Mama Shamimu: Chai ya rangi na andazi. Siku nyingine chai kavu, boda akipiga honi hakuna kungoja.

Shangazi Zaituni: Basi umejijibu. Kala saa moja usiku, saa tatu asubuhi yuko kwenye hesabu na sukari ya chai tu tumboni. Sukari hiyo inapanda haraka na kushuka haraka. Ubongo wa mtu mzima peke yake unakula karibu moja ya tano ya nguvu ya mwili, wa mtoto unakula zaidi.

Baba Rehema: Shangazi kafungua kliniki 😂 Sisi tulisoma kwa chai kavu na tukafaulu.

Bibi Mariamu: Nani alikunywa chai kavu kwangu? Wewe Saidi ulikuwa unamaliza viazi vya jana na karanga wenzako hawajanawa uso.

Baba Rehema: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Bibi Mariamu: Nimeshausoma.

Baba Rehema: Shikamoo mama 🙈

Bibi Mariamu: Marahaba.

Shangazi Zaituni: Mama kasema kweli, kiporo! Maharage ya jana yakitokota vizuri, na kiazi au muhogo pembeni, andazi halioni ndani. Au katogo ya matoke na karanga. Ila chai ya rangi isiandamane na maharage, inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Mpe kipande cha papai au chungwa, chai atakunywa akirudi.

Mama Shamimu: Uji wa wimbi hataki, eti una mchanga.

Shangazi Zaituni: Mtoto hana kosa. Wimbi lioshwe na kuanikwa juu ya turubai kabla ya kusagwa, si chini barabarani. Tia maziwa au karanga za kusaga. Karanga zenye ukungu tupa, sumu yake haiishi kwa kuchemsha.

Rehema: Na rolex je shangazi, ile chapati ya kukunjia yai? 😋

Shangazi Zaituni: Ina yai, nyanya na kabichi, sina ugomvi nayo. Mafuta tu wapunguze.

Mjomba Idi: Yai kila siku nani ataweza? Na huo uji wa shule wenyewe tunadaiwa. UPE, ile elimu ya msingi kwa wote ya 1997, si walisema bure?

Shangazi Zaituni: Kilichofutwa ni karo, Idi. Sheria ya Elimu ya 2008 imemwachia mzazi chakula. Yai si lazima. Viazi vya rangi ya chungwa vimejaa sokoni, vina vitamini A. Mganda mwenzetu Robert Mwanga alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani 2016, yeye kwa kazi yake ya viazi hivyo hivyo tunavyovipita.

Mjomba Idi: Kumbe! Mimi nilidhani ni vya kulishia nguruwe wa jirani.

Mama Shamimu: 😂😂 Haya, leo naongeza maharage sufuriani. Boda nitamwambia achelewe kidogo, au angoje.

Shangazi Zaituni: Akiendelea kusinzia wiki mbili tatu, mpeleke wapime damu na minyoo. Usingoje muhula uishe.

Bibi Mariamu: Viazi ninavyo shambani. Idi atavileta Jumamosi.

Mjomba Idi: Mimi tena mama?

Bibi Mariamu: Wewe. Na uje na gunia langu la mara ile.