Mrejesho: lile joto la ziada kwenye elektrolisisi yangu

Wandugu, niliuliza kama joto la ziada kwenye chombo changu cha elektrolisisi (kupitisha umeme kwenye maji ili kuyatenganisha), hapa Bukavu, linaweza kuwa myeyungano baridi wa viini, yaani viini vya atomi kuungana bila joto kali na kutoa nishati, ule walioutangaza wanakemia Fleischmann na Pons huko Utah tarehe 23 Machi 1989. Sivyo. Yule ndugu aliyesema nipime pia joto la chumba alisema kweli. Niliweka kipimajoto cha pili kwenye gilasi ya maji matupu, kando ya chombo. Saa tisa jua likaingia dirishani, vyote viwili vikapanda pamoja! Na umeme wa hapa mtaani Kadutu hautulii, nami nilikuwa naandika volti asubuhi tu, hivyo hesabu yangu ya umeme ulioingia haikuwa ya kuaminika. Sasa natumia betri, naandika kila dakika tano, pazia limefungwa. Ziada imetoweka. Imeniuma, ila aksanti sana.