Tambi za kuku na mboga: kwa nini zangu hugandana na kutoa maji?

Mpishi wa Jumapili
Habari za jioni, wadau wa mapishi. Nimejaribu mara tatu kukaanga tambi za mayai pamoja na kuku na mboga, na mara zote nimeishia na kitu kinachokaribia mchuzi. Ninatumia gramu 400 za tambi, vidari viwili vya kuku wa kisasa, karoti, pilipili hoho na robo ya kabichi, kwa watu wanne. Mimi huanza na kuku kwenye kikaango, kisha mboga zote kwa pamoja, na mwisho tambi na sosi ya soya. Kuku hukakamaa, kabichi hutoa maji na tambi huwa bonge. Je, kosa ni la jiko langu la gesi la plati mbili, au ni langu?

Bi Karafuu
Ndugu yangu, usilisingizie jiko. Ukitia nyama nyingi ya baridi kwa mara moja, kikaango hupoa, na maji yanayotoka kwenye nyama hukusanyika chini badala ya kuwa mvuke papo hapo. Maadamu maji hayo yapo, joto halipandi sana kupita nyuzi 100, kwa hiyo unachemsha, hukaangi. Tumia sikio: mlio mkavu wa kukaanga ukigeuka kuwa mtokoto, ujue umejaza kupita kiasi. Mgawe kuku mafungu mawili, ukaange kila fungu hadi liive na kushika rangi, ulitoe, ndipo uanze karoti, kisha hoho, na kabichi mwisho kabisa. Kuku atarudi pamoja na tambi. Watu wa nyumbani kwangu hunicheka kwa wingi wa sahani ninazochafua, lakini hakuna anayebakiza chakula.

Mzee wa Karai
Nakubaliana na Bi Karafuu, ila kuna jambo la kuongeza kuhusu nyama na tambi, kwa kuwa niliwahi kufanya kazi katika jiko la mgahawa wa Kichina. Kidari kikatwe vipande vyembamba kwa kukingamisha nyuzi zake, kisha kichanganywe na kijiko kimoja cha sosi ya soya na kijiko kimoja cha wanga wa mahindi, kikae dakika 20. Wanga huo hufunika nyama na kuizuia isikauke. Tambi nazo uzitoe dakika moja kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, uzisuuze kwa maji baridi ili wanga wa juu uondoke, uzichuje hadi zikauke, na uzipake mafuta kidogo. Gramu 400 ni nyingi kwa kikaango kimoja, kwa hiyo pika kwa awamu mbili.

Jirani wa Sokoni
Naomba nitahadharishe kwamba maelezo haya yanamhusu kuku wa kisasa. Wa kienyeji sharti achemshwe kwanza hadi alainike, nyama ichambuliwe, na supu yake iwekwe kando kwa matumizi mengine, isimwagwe kwenye tambi.

Mpishi wa Jumapili
Nashukuru sana. Leo nimefuata yote, na tambi zimeachana moja moja huku karoti ikilika kwa mlio. Chumvi tu ndiyo imezidi, kwa sababu nilitia chumvi kwa mazoea kabla ya kuonja ile sosi ya soya.